Pikapu ya dizeli inapokataa kuitikia mafuta

Pikapu ya dizeli inayounguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini haichanganyi dereva anapokanyaga mafuta, hupelekwa haraka mno kubadilishiwa pampu ya dizeli, na jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu pampu ni ghali na mara nyingi haina kosa. Mimi huanza na pedeli. Katika magari mengi ya sasa pedeli haivuti tena kebo. Ina sensa (vihisio) mbili zinazopeleka volti kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta ikiona kwamba taarifa za sensa hizo zinapingana, huibana nguvu ya injini kwa usalama na kuwasha taa ya onyo. Ndiyo maana mimi husoma kwanza misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta hiyo, kisha hupima kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, huku pedeli ikikanyagwa polepole: volti zinapaswa kubadilika taratibu, bila kuruka. Hapa Dar es Salaam, hasa kwa gari lililopita kwenye maji ya bonde la Jangwani wakati wa masika, ni busara kuifungua soketi ya pedeli na kutafuta kutu ya kijani kwenye pini zake kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kununua sensa. Pedeli ikiwa salama, nageukia filta ya dizeli, maji yaliyomo ndani yake, na mipira ya hewa ya tabo (turbo), kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini.