Nilivyoiokoa grili ya Land Rover 109 kutoka kwa washauri wangu

Kila aliyepita nje ya nyumba yetu hapa Tanga akanikuta nimepakata ule wavu wa chuma wa mbele ya gari alikuwa na dawa yake ya kuusafisha. Mmoja alisema maji ya betri. Mwingine akasema soda kali ya kutengenezea sabuni, "inakula kila kitu, kaka." Fundi bodi mmoja anayeheshimika sana mtaani akataka nipige grenda mpaka chuma kiwe cheupe, nipake praima nyekundu, nimalizie na silva ya kopo. Hakuna aliyeuliza grili yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani.

Gari ni Land Rover 109 Series IIA ya mwaka 1966, zile ambazo taa kubwa bado ziko mbele pamoja na grili, hazijahamia kwenye madigadi. Mjomba alilitumia mashambani Muheza miaka mingi kabla halijanifikia. Bodi za Land Rover za enzi hizo ni aluminiamu, maana lilipozaliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Ndiyo maana utalikuta zee limebonyea kila upande lakini bodi haina kutu. Grili ni habari nyingine. Hiyo ni nyaya za chuma zilizochomelewa zikapishana, zikapata ngozi ya zinki juu yake, sawa na bati la nyumba yako. Haikuwahi kuwa na kromu. Ilitoka kiwandani Solihull ikiwa ya kijivu, na anayekuahidi kuing'arisha mpaka ujitazame uso anatafuta hela ya soda. Kuanzia Series III ya mwaka 1971 waliweka ya plastiki, kwa hiyo ukiwa na ya chuma ishike vizuri.

Sasa hayo maji ya betri. Zinki imewekwa pale iliwe yenyewe ili chuma kipone, na tindikali huila hiyo kwanza kabla haijafika kwenye kutu unayoichukia. Sikubishana kwa maneno. Nilichukua kipande cha bati jipya kilichobaki kwenye paa la choo, nikadondosha maji ya betri mbele ya kijana aliyekuja na hoja hiyo. Bati likachemka povu, yeye akafurahi, "Unaona linavyosafisha!" Nikamwambia arudi kesho. Aliporudi pale palipochemka palikuwa pekundu kwa kutu, kwa hewa yetu hii ya bahari, na pembeni bati lilikuwa bado jipya. Ile soda kali nayo hula zinki. Siki na ndimu pia, taratibu tu, kwa hiyo wanaoziita dawa za asili wasijione wamepona.

Kuitoa grili si kazi, wala kuiosha. Sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu, mswaki mzee, basi. Ule unga mweupe unaoota juu ya zinki usihangaike nao sana, sugua kwa brashi ya nailoni na uache unaogoma. Silva aliyoipaka mtu zamani ilikuwa inabanduka vipande vipande. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, baada ya muda inajitengenezea utando kama wa sabuni chini yake na kuachia. Nyingi ilitoka kwa kucha, iliyobaki nikaimaliza kwa tina na kitambaa.

Chini ya silva ndipo nilipokuta siri. Katikati ya grili palikuwa na duara lisilo na zinki kabisa, kutu tupu, na kuizunguka zinki ilikuwa imefifia. Nikawaza ajali, nikawaza tindikali ya mshauri wa zamani. Binamu yangu alikuja jioni, akatazama, akacheka: "Hapo si tulichomea samaki, changu, kule Pangani!" Walikosa wavu wa kuchomea, wakafungua grili. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na mkaa ukiupepea vizuri unafika na kupita. Wachomeleaji wanajua homa ya moshi wa zinki, ile inayokuja usiku na baridi kali. Binamu anakumbuka wawili kati yao walitetemeka usiku ule wakasingizia malaria. Mimi nina mashaka yangu. Msichomee samaki kwenye grili ya gari, hata kama mmeona wazungu wakifanya.

Kutu ya kwenye duara hilo ndiyo ilinitoa jasho. Kwenye waya wenyewe brashi ya shaba inafika, lakini pale nyaya zinapopishana kuna kona ndogo isiyoingia msasa wala brashi. Uzi wa nailoni wa kuvulia ulipita bila kushika kitu. Grenda sikuitaka, ingenibandulia zinki nzima iliyobaki. Nikakumbuka tuko Tanga, na mtu wa Tanga hakosi kamba ya katani. Nikafumua kamba kidogo iwe na manyoya, nikaipaka ile dawa ya kusagia valvu, nikaipitisha kwenye tundu. Ncha moja nikaifunga kwenye nondo ya dirisha, ya pili nikajifunga kiunoni, nikarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Halafu nikaishika grili kwa mikono miwili nikawa naipeleka mbele na nyuma, kama mng'arisha viatu aliyegeuza kazi akasugua kiatu kwenye kitambaa. Watoto wa jirani walileta vigoda wakakaa kutazama. Wacheke watakavyo, kona zote za duara zilitoka safi, na zinki ya pembeni haikuguswa kwa sababu kamba inakula pale tu unapoipitisha.

Nyaya zilizopinda (mbuzi, au nguzo, mjomba ana maelezo mawili) usizigonge nyundo, viungo vitaachia. Nilizibana kati ya vipande viwili vya mninga kwenye jiriwa la gereji ya jirani, nakaza kidogo, naenda kunywa chai, nakaza tena.

Kwenye rangi ndipo tulipokosana na fundi bodi. Rangi ya zinki, ile ya kijivu wanayopaka sehemu zilizochomelewa kwenye mageti ya mabati, lazima iguse chuma kitupu. Zinki iliyomo ndani yake hufanya kazi kwa kugusana na chuma, na ukitanguliza praima nyekundu umeweka ukuta katikati. Fundi alisema hajawahi kuona rangi bila praima. Nikamwambia basi aone leo. Nilipaka kwa brashi ndogo kwenye duara tu, mara mbili, sehemu nyingine nikaziacha na zinki yake ya tangu 1966. Kupeleka kiwandani ichovywe upya kwenye zinki niliulizia, wakataka mzigo wa kutosha, na hata hivyo wangeanza kwa kuitia kwenye tindikali. Gharama yangu yote haikufika elfu hamsini, ukiacha chai na vitumbua vya watazamaji.

Kiraka kinaonekana ukikitafuta, ni cheusi kidogo kuliko pembeni. Fundi bodi bado anasema sijamaliza kazi. Lakini grili ilipokuwa nje niliiona rejeta kwa mara ya kwanza, imezibwa na mbegu za majani, panzi na manyoya ya kuku. Nikaipuliza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Sasa napanda na gari mpaka Lushoto na mshale wa joto unakaa katikati, jambo ambalo mjomba haamini mpaka nimpeleke.