Siku moja kwenye kiti cha kushoto: afya ya mwalimu wa udereva Dar es Salaam

Saa 11:00 alfajiri
Siku inaanza na glasi mbili za maji, karibu nusu lita, kabla ya chai. Maji ya saa 11 yanakuwa yameshatoka kabla ya saa 1, mwanafunzi wa kwanza anapokamata usukani. Walimu wengi wa udereva hapa mjini hujinyima maji kwa kuogopa kubanwa katikati ya foleni, na matatizo mengi ya kazi hii yanaanzia hapo: mkojo wa njano iliyokolea, kichwa kuuma ikifika mchana, UTI ya mara kwa mara, na kwa wengine mawe kwenye figo. Kwa joto la Dar, mtu anayeshinda garini ahesabu lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Maji yapangiwe muda, yasikwepwe.

Chai ni ya rangi, sukari kijiko kimoja, na mayai mawili na muhogo wa kuchemsha. Chapati mbili na chai tamu hushibisha haraka, lakini ikifika saa 3 njaa na uzito wa macho vinakuja pamoja, na hiyo ndiyo saa ambayo mwanafunzi anaingia kiplefti kwa mara ya kwanza.

Saa 12:30 asubuhi
Dakika kumi za kupanga kiti, na hapa sitaki haraka. Pedeli zangu za ziada, breki na klachi, ziko upande wa kushoto. Kiti kinasogezwa mbele mpaka nikikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Walimu wengi hukirudisha nyuma ili wanyooshe miguu, halafu breki wanaifikia kwa ncha za vidole. Siku ya kufunga breki kwa nguvu, mguu ulionyooka hupeleka mshindo wote kwenye nyonga na kiuno, na nguvu inayofika kwenye pedeli yenyewe inakuwa ndogo.

Mgongo wa kiti ulale nyuma kidogo tu, usifanywe kitanda. Taulo dogo lililokunjwa linakaa nyuma ya kiuno, usawa wa mkanda wa suruali. Egemeo la kichwa linapandishwa mpaka juu yake kulingane na utosi, na kisogo kisiwe mbali nalo zaidi ya sentimita tano. Gari la mafunzo hufungiwa breki bila taarifa, na daladala iliyo nyuma haijui. Ikigonga, egemeo lililo chini sana huacha shingo irudi nyuma peke yake.

Halafu vioo. Cha pili cha ndani, kile kidogo cha kubandika, nakielekeza nyuma kwa ajili yangu mwenyewe. Kingine kinaonyesha macho ya mwanafunzi. Bila hivyo viwili, mwalimu anageuza shingo kulia siku nzima, ndiyo maana wengi huumwa bega la kulia na upande huohuo wa shingo. Mwisho nakagua sakafu. Chupa ya maji inakaa mfukoni mwa mlango. Ikibiringika chini ya pedeli ya breki, hakuna muda wa kuinama kuitoa.

Saa 1:00 hadi saa 4:00
Wanafunzi wapya kabisa nawaweka asubuhi, kwenye uwanja wa wazi, na nikiweza siwafuatanishi wawili. Mtu anayejifunza kuachia klachi hukaza mwili wa mwalimu kuliko saa nzima ya barabara kuu na mwanafunzi aliyekomaa: gari linaruka, linazimika, linawashwa, linaruka tena.

Mguu wa breki ndio unaoumia kimyakimya. Ukiuning'iniza juu ya pedeli dakika 45, msuli wa mbele ya ugoko unafanya kazi bila kupumzika, na jioni unauma kama umepanda mlima. Njia yake ni hii: kisigino kikae sakafuni muda wote, mbele ya pedeli, na nyayo izunguke juu ya kisigino. Kwenye barabara iliyonyooka, bila gari karibu, vidole vinalala sakafuni kando ya breki. Ukikaribia mataa, kivuko, tuta au bodaboda inayochomeka, vidole vinapanda juu ya pedeli bila kuigusa. Kuigusa kuna ubaya wake pia: taa za breki zinawaka ovyo, pedi zinaisha, na mwanafunzi anadhani yeye ndiye aliyepunguza mwendo.

Sauti nayo ni kifaa cha kazi. Maneno yawe mafupi na ya mapema: "klachi yote chini", "achia taratibu", "angalia kioo". Anayeamrisha mapema hahitaji kupiga kelele, na koo halikauki. Mafunda mawili ya maji kila somo likiisha yanatosha.

Saa 4:00 asubuhi
Choo, hata kama sijabanwa. Njia zangu za mafunzo nimezipanga zipite kwenye kituo cha mafuta au msikiti wenye choo kila baada ya saa mbili hivi. Kisha dakika tano nje ya gari: kutembea kulizunguka, kunyanyua visigino mara ishirini, kusukuma nyonga mbele mikono ikiwa kiunoni, kugeuza shingo taratibu pande zote. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu hupunguza mwendo wa damu miguuni, na damu iliyotulia kwenye mishipa inaweza kuganda.

Saa 6:00 mchana
Jua. Kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya miale inayozeesha ngozi, lakini vioo vingi vya milangoni huipitisha, na mkono wetu wa kushoto uko mlangoni. Shati jepesi la mikono mirefu linatosha. Jioni, ukitoka Mwenge kwenda Tegeta, jua liko upande wako wa kushoto, basi usilivue kwa kuwa joto limepungua.

Kiyoyozi kikiwashwa kwenye foleni, nafunga hewa ya nje ili moshi wa malori usiingie. Ila nisiisahau: watu wawili ndani ya gari lililofungwa, hewa ikizunguka ileile, macho yanaanza kulegea. Foleni ikifunguka nafungua hewa ya nje tena.

Saa 7:00 mchana
Kwa mama ntilie, sahani ni nusu mboga na maharage, robo samaki au dagaa, robo ugali au wali. Soda naikwepa. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, zaidi ya vijiko vinane vya chai, na mtu aliyekaa kwenye kiti hana pa kuipeleka.

Baada ya kula, dakika kumi na tano hadi ishirini za kulala, kiti kimelazwa, gari kivulini na madirisha wazi, simu imewekwa kengele. Ukizidisha nusu saa unaamka mzito kuliko ulivyolala. Kati ya saa 7 na saa 10 mwili wa binadamu husinzia wenyewe, hata kwa asiyekula. Kwa hiyo saa 8 ni ya alama za barabarani ubaoni, nikiwa nimesimama. Mwezi wa Ramadhani masomo ya barabarani yote nayasogeza asubuhi.

Saa 10:00 hadi saa 12:00 jioni
Wanafunzi waliokaribia mtihani, kwenye foleni halisi. Hatari ya saa hizi ni hasira, zinazopandisha presha na kufupisha subira ya mwalimu. Mwanafunzi akikosea vibaya, tunaegesha pembeni, navuta pumzi ndefu tano huku nikizitoa polepole, ndipo naeleza. Mwalimu aliyekasirika hukanyaga breki kwa kuchelewa au kwa kuzidisha.

Saa 1:00 usiku
Kutembea nusu saa kwa mwendo wa kutoa jasho jepesi, siku tano kwa wiki. Chakula cha usiku ni kidogo, na chumvi kwa siku nzima isizidi gramu tano, kijiko kimoja cha chai.

Jumapili napima presha: kukaa kimya dakika tano, mkono usawa wa moyo, mara mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na ikarudi hivyo siku nyingine, nenda kituo cha afya. Zipo dalili zisizosubiri Jumapili: mguu mmoja kuvimba na kuuma kigimbi, ganzi isiyoisha mkononi, maumivu ya kiuno yanayoshuka mpaka mguuni, damu kwenye mkojo. Kwa hizo, masomo ya siku hiyo yanaahirishwa na unakwenda kumwona daktari.