Picha ya Lamu imetokea, Jumamosi ya tatu

Leo saa kumi alasiri picha ya Lamu imetokea ukutani. Nimepiga ukelele mpaka ami akashuka ngazi mbiombio na msuli wake, akidhani nimepigwa na shoti.

Ni ule mtambo mkuukuu wa mikutano ya video, wa H.323 (kanuni ya zamani ya kupigiana simu za video mtandaoni), niliounyakua mnadani na kuufunga hapa Kibokoni, Mombasa, ili vikao vya ukoo viwapate wa Lamu na wa London. Anwani ya kudumu ya intaneti nimeshalipia. Ile ya 100.64 niliyopewa mwanzo ni ya kugawana na wengine, haipigiki kutoka nje. Msaidizi wa H.323 ndani ya ruta, anayejitia kurekebisha anwani ndani ya simu na mara nyingi kuziharibu, nilimzima siku ya kwanza. Poti, yaani milango yenye namba ambamo data hupita, ziko wazi zile za TCP za kuanzisha simu: 1720 na 3230 hadi 3235. Hayo nilishayamaliza.

Kilichonila Jumamosi mbili ni hiki: London akipiga peke yake, raha mustarehe. Lamu akiingia wa pili, sauti safi, picha kiza. Lamu akitangulia, kiza kinamhamia London. Nikalaumu waya, nikalaumu intaneti ya Lamu, nikashusha kodeki, ile njia ya kubana picha, kutoka H.264 hadi H.263 ya zamani, nikabana kasi mpaka kilobiti 384 kwa sekunde. Kiza.

Kumbe muda wote natazama ukurasa wa ruta wenye vitaa vya kijani tu. Upuuzi mtupu. Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, naipenda, ila kwenye laptopu yangu ya gigabaiti 4 inajikokota kama mkokoteni wa maji. Leo nikafungua tcpdump, ndugu yake mwepesi wa maandishi matupu, upande wa nje wa ruta: pakiti za video za Lamu zinagonga poti 3240, zinagonga tena, hakuna anayeitika.

3240! Fayawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, niliifunga mwenyewe, pande zote mbili, poti za UDP, zinazobeba sauti na picha, zipite 3230 hadi 3239 tu. Ujanja wa kuziba matundu. Sasa hesabu: simu moja ina mikondo minne, yaani sauti, video, slaidi na kuongoza kamera. Kila mkondo unakula poti mbili, RTP, yaani sauti au picha yenyewe, kwenye shufwa, na RTCP, taarifa za hali ya mkondo, kwenye witiri inayofuata. Nane hizo. Wa kwanza kala 3230 hadi 3237. Wa pili kabakishiwa 3238 na 3239: sauti ikapita, video ikala ukuta. Na mtambo wenyewe umepangiwa 3230 hadi 3253, poti 24, simu tatu kamili. Imeandikwa kwenye menyu, yakhe!

Kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zimetua Mombasa tangu 2009. Picha inavuka bahari nzima, inakuja kukwama kwangu kwa poti 14.

Ratiba ilisema leo niwekee pakiti za sauti kipaumbele. Nimeiacha. Binamu kaniuliza kwa nini nisiweke Jitsi, programu huria ya mikutano ya video, ambayo daraja lake linapitisha video za watu wote kwenye UDP 10000. Poti moja! Kompyuta ya zamani iko mezani tayari, makombo ya mahamri kwenye kibodi, Debian, mfumo endeshi wa kuiwekea Jitsi, inashuka, asilimia 61.