Kidole cha mwisho kilivyoruka

Ilikuwa Julai 2019, ile baridi ya Moshi mpaka maji ya bomba yanauma, na kidole changu cha mwisho mkono wa kulia kilikuwa na ganzi tangu Pasaka. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Mbuyuni, mkono huu ndo unalisha watoto. Hospitali ya kwanza wakanipima mishipa ya fahamu kwa umeme, wakasema umeme unapotea kati ya kiwiko na kiganja, mshipa umebanwa, nijiandae kupasuliwa. Nililia kwenye daladala mpaka nyumbani, sare za harusi zimejaa dukani.

Dada akanilazimisha nipime kwingine. Daktari kijana tu, kwanza akasema, "Mama, loweka mkono kwenye maji ya vuguvugu," maana mkono wa baridi umeme unatembea polepole ndani yake na majibu yanadanganya. Akabandika vibati kwenye ile nyama chini ya kidole cha mwisho, akagusa kifundo cha mkono kwa kifaa cha kutoa umeme, pa! kidole kikaruka, kwenye skrini kikatokea kilima cha milivolti 10, ndo nguvu ya msuli unavyojibu. Akagusa karibu na kiwiko, kilima kikashuka mpaka 6. Nikasema moyoni, basi, yale yale.

Akanyamaza. Akahamisha kile kifaa mpaka kwenye mkunjo wa kiwiko, pale wanapotolea damu, akabonyeza na kidole cha mwisho kikaruka tena! Pale unapita mshipa wa kati, wa upande wa dole gumba, haukutakiwa kukigusa kabisa. "Mama, ile 4 iliyopotea hii hapa." Kumbe kwangu nyuzi kadhaa zinashuka na mshipa wa kati halafu zinavukia kwenye ule wa kidole cha mwisho njiani, kabla ya kufika kiganjani. Martin wa Sweden, mtaalamu wa maumbile ya mwili, aliandika habari hiyo tangu 1763, mwenzake Gruber akafuata 1870, ndo maana inaitwa Martin-Gruber kwa majina yao, na sio ugonjwa, wengi tumezaliwa nayo na hatujui.

Nikifikiria wangenichana mkono kutafuta kitu ambacho hakipo, bado nasisimka.

Ganzi yenyewe ilitoka kwenye kiwiko, pale ambapo ukijigonga unashtuka mpaka vidoleni, umeme ulikuwa unachelewa kidogo. Nilikuwa naegemea ukingo wa meza siku nzima. Jioni ile ile nikakunja taulo, nikalitandika pale ukingoni, nikaendelea na sare.