Hiyo ni orodha tu

Neno la Mzee limenikaa rohoni na halitaki kutoka. Mnamjua, ndiye aliyenifundisha kuyasoma matokeo ya uigaji wa kihandisi kwenye kompyuta nilipokuwa bado nashangaa rangi tu kwenye skrini. Nilimwonyesha msimbo wangu mpya, ule wa kutoa ripoti ya mazingira ya programu zetu, yaani kompyuta ikoje na ina programu zipi, za matoleo gani. Akavuta kiti, akasoma, akasema: "Binti, hiyo ni orodha tu. Mhandisi anaijua mashine yake." Akainuka.

Nimehama nyumba wiki hii, mdogo wangu amefaulu mtihani, na bado kichwani mwangu ni lile "tu" lake.

Anaijua nani hiyo mashine, Mzee? Mtu anasakinisha kifurushi kimoja cha programu, nacho kinaingia na wenzake ambao hakuwaita. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ilipofika toleo la 2.0 mwaka 2024, maktaba zilizokuwa zimejengwa juu ya matoleo ya 1 zilianza kugoma kupakiwa mpaka zijengwe upya. Kompyuta moja inaweza kuwa na matoleo mawili ya Ansys, programu yetu ya uigaji, AWP_ROOT232 na AWP_ROOT241 zikikaa pamoja kwenye vigeu vya mazingira (mipangilio ya mfumo ambayo programu huisoma), na skripti ikachukua mojawapo bila kumuuliza mtu. Python nayo ni ipi, ile ya mfumo au ile ya mazingira pepe, yaliyotengwa kwa ajili ya mradi mmoja? Mwenzako akikuletea modeli yake na kukwambia kwake inakubali, utaanzia wapi kama huna orodha?

Hayo yote nilipaswa kumjibu palepale. Nilinyamaza.

Msimbo wenyewe si mrefu. Kazi nzito inafanywa na scooby, kifurushi cha Python: unaipa majina ya vifurushi, inakuletea tarehe, mfumo endeshi, idadi ya viini vya kichakataji, kumbukumbu ya mashine, toleo la Python na toleo la kila kifurushi. PyVista, maktaba ya michoro ya 3D, wanaitumia hiyohiyo na kuongeza habari za GPU, kichakataji cha michoro. PyAnsys, wanaotengeneza maktaba za kuitumia Ansys kupitia Python, nao wamejenga ripoti yao juu yake. Nilikotumia muda ni kwenye kugawa vifurushi vya lazima na vya hiari. Cha lazima kisipokuwepo, jina lake linabaki kwenye ripoti na limeandikiwa kwamba hakikupatikana. Cha hiari kisipokuwepo hakitajwi kabisa. Kwangu hapo ndipo penye uzito wote, kwa sababu kitu ambacho hakijatajwa hakuna atakayekiulizia, na msaidizi atapoteza siku nzima akikagua vilivyopo. Kwa hiyo kila kinachozungumza na kikokotozi, ile programu inayokokotoa modeli, nimekiweka kwenye lazima, hata kile ambacho nusu ya timu hawakitumii.

"Hiyo ni orodha tu." Nimeirudia kwa sauti ya upole, nikairudia kwa sauti ya mtu aliyechoka. Inauma vilevile.

Lakini jana, nikifungua maboksi, nikakumbuka kwamba hakuinuka kimya. Aliuliza, mkono ukiwa tayari kwenye mgongo wa kiti: "Na nyuzi?" Nilimwambia viini viko kumi na sita. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nyuzi! Viini ni vile ilivyo navyo mashine. Nyuzi ni mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, ile ambayo kikokotozi kimeruhusiwa kutumia, na hizo ndizo zinazoweza kugeuza tarakimu za mwisho. Kazi ikigawanywa kwa nyuzi nyingi, mpangilio wa kujumlisha hubadilika, na kompyuta haijumlishi kama sisi kwenye karatasi. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwanza, halafu 0.3: Python itakupa 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha uongeze 0.1: utapata 0.6 safi. Kwenye modeli nyepesi haidhuru. Kwenye tatizo la mgusano, la vitu vinavyogusana, lililo ukingoni mwa kukataa kukokotoleka, tofauti hiyo inaweza kukua hadi mashine moja ifike mwisho na nyingine ikwame njiani.

Mtu asiyejali orodha haulizi swali kama hilo. Mzee aliisoma mpaka mstari wa mwisho na akaona kisichokuwepo, kitu kilekile ambacho mimi nataka ripoti ifanye. Nilifurahi peke yangu katikati ya maboksi.

Scooby inakubali mistari ya ziada, kwa hiyo OMP_NUM_THREADS, kigeu kinachoweka idadi ya nyuzi, imeshaingia. Kigeu cha leseni ya Ansys pia nimekiweka, ila ripoti inasema tu kama kimewekwa au la. Thamani yake hubeba mlango na jina la seva, kwa mfano 1055@ kisha jina, na ripoti hizi watu huzibandika mbele ya wageni wanapoomba msaada. Jumatatu nitamwonyesha tena, na safari hii nitamuuliza nini kingine hakipo. Nataka sana kusikia atasema nini.

Mama amepiga simu sasa hivi. Mguu umeanza kuvimba tena jioni, na anasema hatakwenda hospitali mpaka siku ya miadi ifike. Nimembembeleza, amekataa, akahamia kwenye habari za mapazia ya nyumba mpya. Kesho nitampigia dada, pengine yeye atamsikiliza.