Jino Lisilo na Tundu

Tangu nitoke kwa daktari wa meno mchana, ulimi wangu haujatulia. Unakwenda wenyewe kulia chini, kwenye gego la mwisho, unalipapasa, unarudi. Limevikwa kofia ya muda, laini mno, kama si langu. Ganzi imeisha na sasa naweza kuandika.

Maumivu haya nilikaa nayo miezi 4. Hayakuwa ya kukesha, ndiyo maana nikayavumilia. Natafuna vizuri tu, mara kitu kama sindano ya moto kinanichoma, na kabla sijashika shavu kimeshapotea. Kilichonichanganya ni kwamba hakikuchoma nikiuma, kilichoma nikiachia. Maji baridi nayo nikawa nayapitisha kushoto. Nilijimulika kwenye kioo kwa tochi ya simu nikaona jino zima, jeupe, halina tundu wala doa. Jino kama hilo utaliumizia kichwa gani? Nikahamia kutafunia upande wa pili.

Mara ya kwanza nilipokwenda kutibiwa, mahali pengine, nilipigwa picha ya eksirei ikatoka safi, nikaambiwa huenda ni fizi. Leo nimeelewa kwa nini ilitoka safi. Nyufa nyingi za magego hupita kutoka mbele kwenda nyuma, sambamba na ile filamu, kwa hiyo picha haizioni.

Daktari wa leo alianza na kijiti cha plastiki. Alikiweka juu ya ncha moja ya gego, akasema uma, kisha achia. Akahamia ncha ya pili, na ya tatu. Kwenye ya nne nilipoachia, machozi yalinitoka. Hakusema kitu. Alizima taa kubwa, akagusisha mwanga mwembamba ubavuni mwa jino, akanipa kioo nitazame. Nusu ya jino iling'aa kama taa ya chemli, na nusu nyingine ikabaki giza. Katikati yake palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, na mwanga ulikuwa unakomea hapo.

Akanieleza kwamba nikiuma, pande mbili za ufa huachana kidogo sana. Nikiachia hurudiana ghafla, na majimaji yaliyomo kwenye vijitundu vya dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ile ganda gumu jeupe la nje ya jino, yanatikisika na kuiamsha neva. Nilipumua. Kumbe sikuwa nayabuni maumivu yale. Jioni hii nimesoma kwamba daktari wa meno aitwaye Cameron aliyaeleza mambo haya mwaka 1964, na kwamba magego ya chini ndiyo yanayopatwa mara nyingi. Nimefarijika kuliko nilivyotegemea.

Kisha nikamuuliza lililokuwa likinikaa rohoni: "Daktari, niliuma nini?" Maana nilishajitungia kisa cha siku moja, tonge moja, kokoto moja.

Naye akaniuliza, "Dada, hili pengo la mbele yake lina muda gani?"

Miaka 11. Gego lililokuwa hapo lilioza, likang'olewa, nikaona yamekwisha. Pengo halikuonekana nikicheka, kwa hiyo sikulirudia tena. Hapa ndipo moyo unaponiuma hata sasa, kwa sababu hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba meno yaliyobaki hayakai yakisubiri. La nyuma lililalia mbele kuelekea penye nafasi. La juu, lililokosa mwenzake wa kukutana naye, likashuka polepole. Mng'ato ukabadilika mwaka hadi mwaka bila mimi kuhisi.

Aliweka karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno. Uma. Saga kulia. Saga kushoto. Nilitegemea vidoa vingi vilivyotapakaa. Kwenye gego lile palikuwa na doa moja, zito, tena kwenye mteremko wa jino lililoinama badala ya bondeni mwake. Ncha ya jino la juu ilikuwa inapiga hapo kila nikifunga mdomo, kama kabari kwenye gogo.

Jino limeumbwa kubeba uzito unaoshuka wima kwenye mizizi, na ukilisukuma kwa ubavu linapinda. Taya likienda pembeni, chonge ndizo zinazotakiwa kuyatenganisha magego yasikwaruzane, lakini zangu zimelika kwa kusaga meno usingizini. Gego la mwisho nalo liko karibu na bawaba ya taya, na anayetumia mkasi anajua kwamba kitu kigumu hukisogeza karibu na msumari, huko nyuma, kwenye nguvu. Ndivyo ilivyokuwa kila nilipofunga mdomo, mchana na usiku, kwa miaka 11. Enameli ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini haina chembe hai. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikipasuka imepasuka.

Ufa wangu haujashuka kwenye mzizi. Ungeshuka, tungekuwa tunazungumza habari ya kung'oa. Kofia ya kudumu itavikumbatia vipande visiachane, na neva tutaiangalia. Lakini nilichomshukuru zaidi ni kwamba hakuishia kwenye jino linalouma. Alichukua muda kulipunguza lile la juu, anasaga kidogo, anaweka karatasi, anasaga tena, hadi lile doa zito likawa vidoa vidogo pande zote. Nikirudi atachukua vipimo vya kinga ya kuvaa usiku, na tutapanga namna ya kuziba pengo.

Nyumba imenyamaza. Nimefunga mdomo taratibu nisikilize. Sikumbuki ni tangu lini meno yangu yalikuwa yakigonga mara mbili, kulia kwanza, halafu kushoto, nami nikadhani ndivyo meno yanavyolia. Sasa yamegonga mara moja.