Chini ya mwembe sasa pana kijani

Kwa miaka 3 nilikuwa napanda ukoka chini ya mwembe wa uani, hapa Tabata, na kila mara ulikufa. Kivuli ni kizito, na mizizi ya mwembe inanyonya maji yote. Mwezi uliopita nikaamua kuweka nyasi bandia. Kazi kubwa ilikuwa chini yake: tulisawazisha udongo, tukamwaga kokoto ndogo na vumbi la mawe, tukashindilia kwa mteremko kidogo ili maji ya mvua yasituame. Shina tuliliachia nafasi ya kutosha, mti uendelee kunywa. Juani nyasi hizi huchoma nyayo, lakini kivulini zinakanyagika vizuri kabisa. Majani nayafagia kila asubuhi, yasije yakaozea pale. Jana mama alitandika mkeka wake hapo, akalala hadi alasiri. Nimefurahi mno!